Aliyemnong'oneza Mpiga Litungu

Katika miaka kumi na tisa aliyokaa nyuma ya cherehani yake pale Nkende, Robi hakuwahi kupindisha mshono kama alivyoupindisha Jumamosi ile. Aliufumua, akaushona upya, ukapinda tena. Kitenge hakikuwa na kosa. Kilikuwa kizito, cha maua ya njano, jora zima lililonunuliwa kwa ajili ya sare za mashangazi na mama wadogo katika harusi ya Wiliam. Kosa lilikuwa mikononi mwake, na mikono ilijua kwa nini.

"Fundi, leo umekunywa nini?" Eunice alimuuliza kutoka kwenye mkeka. "Hiyo nguo yangu naiona inaelekea Sirari, na mimi mwenyewe nimebaki Tarime."

Felista alicheka mpaka ulezi ukamwagika ukingoni mwa ungo.

Walikuwa watatu tu kibarazani. Eunice ni muuza samaki, mzaliwa wa Shirati, mwanamke mnene ambaye hata akisema siri mtaa wa pili wanaisikia. Felista ana duka la mbegu na mbolea karibu na soko. Yeye na Robi walijuana chuo cha ushonaji, wakalala kitanda kimoja cha ghorofa, mmoja juu mwingine chini, wasichana wa miaka ishirini na kitu. Robi katoka Susuni, Felista katoka ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Robi alipofiwa na mume, Felista alifunga duka wiki mbili nzima akaja kusimamia jiko la msibani. Watoto wa Robi wanamwita mama mkubwa, na wala hawakumbuki kwamba hawakuzaliwa naye ukoo mmoja.

Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Wiliam, bwana harusi, ni mtoto wa kaka yake Felista, na Felista ndiye aliyemlea tangu ana miaka miwili. Kwa hiyo siku ile walikuwa wanachambua ulezi wa uji na kubishana juu ya chakula.

"Kichuri kitakuwepo," Felista alisema. "Hilo msilijadili. Wakwe watoke Nyanungu waje kwetu wale pilau peke yake? Watatucheka mpaka tuzeeke. Ng'ombe anachinjwa asubuhi, nyama inachomwa, utumbo unakamuliwa pale pale, mchuzi unatoka mchungu wenyewe."

"Yawa!" Eunice alishika kichwa. "Watu wazima na akili zao wanamkamua ng'ombe majani aliyokula, halafu wanalamba vidole."

"Nyinyi mnaonyonya macho ya samaki mna la kusema?"

"Macho ya samaki yanaongeza akili. Huo uchungu wenu unaongeza nini? Ugomvi tu."

"Unaongeza nguvu. Muulize Robi."

"Mimi mnipe mboga ya mgagani iliyolala kwenye maziwa," Robi alisema, "na ugali wa muhogo wa udaga uliochanganywa na mtama, ule mweusi. Mengine kuleni wenyewe." Sauti yake ilitoka sawa, akashukuru.

"Muongo huyo!" Felista alimnyooshea kidole. "Ile Krismasi uliyokuja kwetu, mama alikuchinjia mbuzi, ukamaliza ini lote peke yako. Wazee wamekaa wanakuangalia hivi, mgeni wa watu, huna habari. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Kama kungekuwa na Krismasi moja katika maisha yake ambayo angeweza kuikata kwa mkasi akaitupa, ingekuwa hiyo.

Eunice alipepeta ungo wake, akauliza kwa wepesi tu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Na huyo bibi harusi akifika, nani anampa uji mlangoni? Si ni mama mzaa bwana?"

Felista aliacha kuchambua.

"Nitampa mimi."

"Wewe ni shangazi. Kwa mila zenu si mpaka mama? Au hayupo hai?"

"Yupo Mugumu anauza dagaa, ana afya kuliko mimi na wewe. Lakini Wiliam hana mama, Eunice. Ana mimi. Yule mwanamke akikanyaga pale kwetu Jumamosi, natoka na mguu wangu narudi Tarime, na uji wataonjeshana wao kwa wao."

Eunice alimgeukia Robi, kama anayeomba afafanuliwe. Robi aliinamia sindano.

Juzi, Alhamisi, Wiliam alikuja kibarazani pale pale. Kijana mrefu, mpole, alikaa kwenye benchi la wateja huku amebana mikono katikati ya magoti. Alisema, "Mama mdogo, shangazi anakusikia wewe tu. Mimi nimemwomba nimechoka. Sitaki nioe huku mama yangu kasimama barabarani na wapita njia. Zungumza naye." Robi alimwambia sawa, nitazungumza naye. Kijana alimshukuru kwa mikono miwili. Hakujua amemshukuru nani.

"Alifanya nini?" Eunice aliuliza.

Felista alisimulia, na alisimulia kama mtu anayesoma kitu alichokariri. Krismasi ya mwaka elfu mbili na tatu, siku ya pili yake, kijijini kwao kulikuwa na ngoma uwanja wa shule. Mpiga litungu, lile zeze kubwa la nyuzi nane, alikuwa mkubwa wa sifa, watu walitembea kutwa kumfuata. Alikaa kwenye kigoda chake, njuga miguuni, litungu mbele yake, na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza kama mlango wa zizi. Na kama ilivyo desturi, mtu akitaka ndugu yake au mwenyeji wake asifiwe, alikwenda akamtunza mpigaji, akainama sikioni mwake, akampa jina na jambo moja la huyo mtu. Mpigaji aliliingiza jina kwenye wimbo. Aliyelitoa hatajwi kamwe, hata umpige mpigaji kwa fimbo.

"Akamwimba kaka yangu Stanslaus," Felista alisema. "Stanslaus dume, aliyevuka mto peke yake akarudi na sita. Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Na walioibiwa hao ng'ombe sita walikuwa wamesimama pale pale uwanjani, wanakula miwa."

"Mungu wangu."

"Siku ya tatu walikuja. Kaka alikuwa ameshakimbia, akavuka mpaka, mpaka leo yuko Migori ana mke mwingine. Walifagia zizi la baba, hawakubakiza hata ndama wa kudanganyia maziwa. Baba hakumaliza mwaka. Mama alikufa anauliza kama Stanslaus amekuja." Alishusha pumzi. "Sasa niambie. Habari ya wale ng'ombe waliijua watu wawili: kaka, na mke wake Philomena. Kaka ajitangaze mwenyewe? Tulimuuliza Philomena, umemwambia nani? Akanyamaza. Siku nzima kakaa kwenye kiti kanyamaza kama jiwe. Mama akamwambia shika njia, mtoto anabaki."

"Labda alimwambia mtu bila kujua..."

"Si aseme! Miaka ishirini na miwili ana mdomo."

Robi alikanyaga cherehani kwa nguvu ili isikike, ikakata uzi.

Kwa kuwa Philomena alimwambia mtu. Alimwambia Robi, asubuhi ya siku ile, jikoni, huku akisonga ugali na mgeni akimshikia sufuria. Alisema kwa kunong'ona na kicheko, mwanamke wa miaka ishirini na moja anayejivunia mume: shemeji yako unamwona mpole hivi, alivuka mto peke yake. Na Robi, ambaye alikuwa amekula ini la mbuzi wa watu na kupewa kitanda cha mama wa nyumba, alikuwa akitafuta cha kuwarudishia. Kwao Susuni mgeni aliyekirimiwa vile hakuondoka hivi hivi. Alimsifia mwenyeji wake mbele za watu. Babu yake mwenyewe aliimbwa kwa ng'ombe aliowaleta enzi hizo, na wimbo ule ulikuwa fahari ya nyumba yao mpaka kesho. Hakufikiri kwamba ng'ombe wa babu walikuwa wamekwisha kufa na wenyewe wamekufa, na hawa sita walikuwa bado wananyonyesha. Alichukua shilingi mia tano ya nauli yake, akapita katikati ya wachezaji, akainama sikioni mwa mpiga litungu.

Siku walipomhoji Philomena, Robi alikuwa amekaa chumba hicho hicho. Philomena aliinua macho mara moja akamtazama. Robi alingoja jina lake litoke. Halikutoka. Mgeni ni mgeni, hashitakiwi. Na kesho yake asubuhi mgeni alipanda gari akarudi chuoni, akijiambia atasema barua ijayo, kisha likizo ijayo, kisha mzee akishapumzika, kisha mama yake Felista akishapata nafuu. Maisha yake yote yaliyofuata, ndoa, watoto, ujane, hii cherehani, aliyajenga pembeni ya neno hilo moja, na urafiki wa Felista ndio uliokuwa ukuta wake mkubwa.

"Haya, tusilie kabla ya harusi," Eunice alisema, akafuta mikono kwenye khanga na kutoa simu kifuani. "Felista, ile kanda yako Nashoni kaimaliza. Kanirushia asubuhi. Sijaifungua, nimesema tuione wote."

Felista aliruka kama msichana. "Wewe! Na umenyamaza muda wote huo!"

Hiyo ndiyo ilikuwa imeipindisha mishono yote. Siku ile ya ngoma kulikuwa na bwana mmoja kutoka Musoma aliyekuwa na kamera begani, akirekodi ili auze kanda. Mama yake Felista alinunua moja, akaifungia sandukuni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitazama. Mwezi uliopita Felista aliitoa akampa Nashoni, mtoto wa Eunice mwenye studio, aihamishie kwenye simu. Alitaka wazazi wake waonekane ukutani siku ya harusi, wakicheza. Alimwambia Robi habari hiyo Alhamisi, muda mfupi baada ya Wiliam kuondoka, na tangu hapo Robi hakulala usingizi wa maana.

"Njoo, Robi. Acha hiyo mashine. Utajiona ulivyokuwa mwembamba."

Alikwenda. Angekataa kwa sababu gani? Alipiga magoti nyuma yao, kidevu chake karibu na bega la Felista. Simu iliegemezwa kwenye debe la ulezi.

Picha ilikuwa na mistari na rangi zilizochuja. Uwanja wa shule, vumbi, watoto wanaochungulia kamera. Kisha litungu lenyewe likaingia, zito, linalojirudia, na Felista akaweka mkono mdomoni.

"Mama yangu. Mtazameni mama yangu."

Mwanamke mwenye kilemba cheupe alikuwa akitikisa mabega huku amefumba macho. Nyuma yake mzee alisimama na fimbo, hachezi, lakini mguu wake mmoja unapiga chini taratibu. Eunice aliongeza sauti ya simu.

"Siku hizi utapata wapi ngoma kama hii," Felista alisema kwa sauti iliyoloa. "Watoto wanataka spika na mtu wa kupiga kelele. Pale ulikuwa unasikia njuga mpaka kwenye meno. Robi, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulivaa nini siku ile? Mbona hatukuoni?"

"Sijui. Nguo za chuo tu."

Dakika zilikuwa zinapita chini ya kioo. Kumi na moja. Kumi na mbili. Robi hakujua yeye angetokea dakika ya ngapi. Alichojua ni kwamba mpigaji alikuwa ameimba majina matatu kabla ya Stanslaus, la mwalimu mkuu likiwa la tatu. Jina la kwanza likapita, mkulima fulani na shamba lake la tumbaku. La pili likapita.

"Mwalimu mkuu huyo!" Felista alicheka. "Angalia tai yake!"

Kamera ilimfuata mwalimu mkuu akicheza na tai yake, ikamfuata, ikamfuata, na Robi akaanza kumwombea mwalimu yule asichoke. Kisha ikageuka polepole kurudi kwa mpigaji. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza, vidole vinaendelea na nyuzi. Sikioni mwake kulikuwa na mtu, lakini mgongo mpana wa mchezaji mmoja ulikuwa umemziba. Ulionekana mkono tu, wa mwanamke, ukiwa umeshika bega la mpigaji, na kipande cha mkono wa gauni. Sekunde tatu, nne. Mkono ukaondoka. Mpigaji akainua uso, akakohoa, akaanza: Stanslaus dume.

Hakuonekana. Robi alihisi hewa ikimwingia yote kwa pamoja, kama aliyekuwa amezamishwa. Hakuonekana, na yule mpigaji alishakufa, na Philomena hakuwa amesema miaka yote.

"Rudisha," Felista alisema.

"Nini?"

"Rudisha nyuma, Eunice. Rudisha!"

Eunice alirudisha. Mkono uliingia, ukashika bega, ukaondoka. Felista alisimamisha picha kwa kidole.

"Mnaona? Mkono wa mwanamke. Si niliwaambia? Hakumwambia mtu yeyote yule, alikwenda mwenyewe! Philomena mwenyewe kwa miguu yake!" Alikuwa amesimama sasa, ulezi umemwagika mkekani, hakuuangalia. "Na mimi kuna siku nilikaribia kumhurumia. Wiliam analia kila siku mama, mama. Aje aone. Nitamwonyesha hiki. Jumamosi nitakiweka ukutani, watu wote wakae, nikisimamishe hapo hapo, nimwambie mwanangu, mkono uliomfukuza baba yako huo hapo."

"Felista, kaa kwanza," Eunice alimshika nguo.

"Sikai! Nirushie hiyo kwenye simu yangu. Namtumia Wiliam sasa hivi."

Kanda ilikuwa imemficha Robi, na ikampeleka Philomena mbele za watu. Aliutazama mkono ule kwenye kioo. Ulikuwa mwembamba, wa kijana, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kusema ni wa nani isipokuwa mwenyewe. Angeweza kurudi kwenye cherehani. Jumamosi angekula kichuri upande wa mashangazi, amevaa sare, na kijana mpole angetazama ukutani.

"Ni wangu," alisema.

Felista alikuwa bado anabonyeza simu. "Nini chako?"

"Huo mkono. Ni wangu mimi, Felista. Si wa Philomena."

Eunice aliachia nguo aliyoishika. Kuku alipita kibarazani akaanza kudonoa ulezi, na hakuna aliyemfukuza.

"Usinitanie," Felista alisema taratibu.

"Sikutanii. Philomena aliniambia jikoni asubuhi ile, tukisonga ugali. Nikaenda nikampa mpigaji. Nilitaka kumsifia kaka yako. Nilitaka kuwashukuru. Nilidhani..." Maneno aliyoyapanga kwa miaka ishirini na miwili yalikuwa mengi na mazuri, na yote yalikuwa yamekwenda. "Nilidhani ni sifa."

"Ulikuwepo tulipomuuliza."

"Nilikuwepo."

"Ulikaa pale kwenye stuli ya mama."

"Ndiyo."

"Na yeye alijua ni wewe?"

"Alijua. Alinitazama. Hakunitaja."

Uso wa Felista haukuwa na hasira bado. Ulikuwa kama wa mtu anayepekua nyumba yake mwenyewe akiuliza kila kitu kilichomo kimeingiaje. Robi aliona miaka ikipita ndani ya macho yale, moja moja: jiko la msibani, watoto kubadilishana nguo, Krismasi zote zilizofuata.

"Baba yangu alikufa, ukaleta sukari," Felista alisema. "Ulileta kilo mbili za sukari."

Ilikuwa kweli. Zilikuwa kilo mbili.

"Dada zangu," Eunice alianza, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo.

Felista alitafuta namba kwenye simu yake, akapiga, akasubiri. "Wiliam. Nipe namba ya mama yako. Usiulize, nitumie." Alikata. Ujumbe ulipoingia aliibonyeza ile namba, akamnyooshea Robi simu bila kumtazama. "Sema naye wewe. Mimi naanzaje?"

Simu iliita mara nne. Iliyopokea ilikuwa sauti nzito kuliko aliyoikumbuka, na nyuma yake mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma.

"Philomena, ni Robi."

"Robi yupi?"

"Wa Susuni. Yule mgeni."

Alisikia mtu akisogea mbali na mashine, mlango ukifungwa, kelele zikipungua.

"Umewaambia?" Philomena aliuliza.

"Nimewaambia sasa hivi. Felista yuko hapa."

"Nilikaa kwenye kile kiti kutwa nzima nikingoja uinuke," Philomena alisema. "Jioni nikajua huinuki. Mimi ndiye niliyefungua mdomo kwanza, nikasema basi, na liwe langu. Lakini sikujua wangemzuia mtoto." Hakuwa analia. "Mpe wifi yangu simu."

Felista aliipokea kwa mikono miwili. Alishuka ngazi za kibaraza, akavuka barabara ya vumbi mpaka kwenye ukuta wa jirani, akawapa mgongo. Hawakusikia alichosema. Waliona kilemba chake kikiinama, kikiinama, mpaka paji la uso likagusa tofali. Mwendesha bodaboda alipunguza mwendo kumtazama, akaendelea. Eunice alianza kuokota ulezi punje moja moja kwa vidole vyake vya kuparua samaki.

Felista alirudi baada ya muda mrefu. Macho yalikuwa mekundu, sauti imekauka.

"Atakuja Ijumaa. Atalala kwenye nyumba ya mama. Yeye ndiye atakayempa mkwe uji."

"Asante," Robi alisema.

"Usiniambie asante." Felista aliokota mkoba wake, akatafuta viatu, akavaa kimoja. "Yeye hana kesi na mimi tena. Nitampigia magoti, nitamalizana naye. Wewe..."

Robi alingoja kama alivyongoja siku ile kwenye stuli, ila safari hii alikuwa anataka neno litoke, lolote litakalokuwa.

"Wewe sijui," Felista alisema. Alivaa kiatu cha pili. "Kweli kabisa, Robi, sijui."

Akaondoka, akiwa amejishika ubavu kama mtu aliyepigwa hapo, mpaka kona ya soko ikamficha.